Jozi 47 za Viatu vya Wanawake

Tarehe 19 Mei mwaka 303, wakuu wa mji wa Cirta walifika kwenye nyumba ambamo Wakristo wa mji huo walikuwa wakikusanyika. Cirta leo inaitwa Constantine, kaskazini mwa Aljeria, kwa hivyo hii ni habari ya Afrika hata kama vitabu vingi huiweka kwenye rafu ya Roma. Miezi mitatu kabla ya hapo Kaizari Diocletian alikuwa ametoa amri: makanisa yabomolewe, vitabu vitakatifu vikabidhiwe na kuchomwa. Aliyeongoza msako wa Cirta ni mkuu wa mji aliyeitwa Munatius Felix. Alikuja na makarani, na hao, kama makarani wa popote pale, waliandika kila walichokiona.

Walianza na vyombo vya thamani. Vikombe viwili vya dhahabu, vikombe sita vya fedha, taa za fedha, taa za shaba. Halafu wakafika kwenye nguo. Kanzu za wanawake 82. Shela 38. Kanzu za wanaume 16. Viatu vya wanaume jozi 13. Viatu vya wanawake jozi 47. Kwenye chumba cha kulia wakakuta mapipa manne na mitungi sita. Wakaandika hivyo pia.

Soma tena hizo hesabu polepole. Serikali ilikuja kutafuta vitabu. Makabati ya vitabu ikayakuta matupu, lakini ikapata stoo. Askofu wa hapo aliitwa Paulus, na sidhani alikuwa na shughuli na kanzu 82 za kike. Wanahistoria wengi huichukulia orodha hii kuwa ya nguo za kugawia wahitaji, na hesabu yenyewe inakuonyesha wahitaji walikuwa nani: kwa kila jozi moja ya mwanamume, karibu jozi nne za wanawake. Wajane, kwa sehemu kubwa. Hakuna jina la hata mmoja wao. Tunachojua ni kwamba mtu fulani pale Cirta alikuwa amekaa chini akahesabu miguu.

Nilikutana na orodha hiyo nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nikisomea historia, kabla karo haijanishinda nikatoka mwaka wa pili. Mengi niliyosoma kule yamenitoka kichwani. Vile viatu bado vimo. Na siku hizi vinanirudia kila wiki, kwa sababu mimi ndiye hushika daftari la stoo ya chakula ya kanisa moja mashariki mwa Nairobi.

Kazi haina mshahara. Riziki yangu naipata kwa kuandikia watu vitu mtandaoni, na mwezi ukiwa mbaya huwa mbaya kweli. Daftari nilipewa kwa sababu mbili: mwandiko wangu unasomeka, na mwaka wa 2020 jina la mama yangu lilikuwa ndani ya daftari hilo hilo, ukurasa wa tatu, kwa hivyo kila mtu alijua singesumbua watu kwa maswali ya kipuzi.

Kwa ambaye hajawahi kuona stoo kama hii, wacha nieleze. Jumapili ya pili ya mwezi, wakati wa matoleo, watu huleta kikapu cha pili. Pakiti ya unga ya kilo mbili, maharagwe, sukari, mafuta, sabuni ya kipande, pedi. Duka la jumla lililo karibu na steji hutoa katoni mara moja moja. Vitu hupangwa kwenye chumba kilicho nyuma ya sakristia, rafu za mbao, mlango wa chuma, kufuli mbili. Jumamosi walioandikwa wanakuja, mfuko unatolewa, naweka alama. Kwisha.

Ukisikia hivyo utadhani kazi ngumu ni kutafuta unga. Unga ni shida, ndiyo, hasa miezi ile bei ya pakiti ilipopita shilingi 200. Lakini ngumu zaidi ni daftari. Nani aingie, nani atoke, nani aamue, na nani atamwamini huyo anayeamua. Nimesoma mambo haya kwa miaka kadhaa sasa, bila mhadhiri wala mtihani, na nimefikia hapa: historia ya kanisa kulisha majirani, karibu miaka 2,000, kwa kiasi kikubwa ni historia ya ugomvi juu ya daftari.

Malalamiko ya kwanza

Ugomvi wenyewe ulianza mapema mno. Fungua Matendo ya Mitume, sura ya sita. Kanisa ndiyo tu limeanza, liko Yerusalemu, na tayari lina mgao wa chakula wa kila siku. Tayari kuna manung'uniko pia. Wale waliosema Kiyunani, wengi wao jamaa za watu waliokuwa wameishi mbali na Yudea, wanawalalamikia wenyeji waliosema Kiebrania kwamba wajane wao wanarukwa.

Mkenya hahitaji kufafanuliwa hapo. Tunajua mgao unavyoweza kufuata lugha. Hakuna aliyesimama hadharani akasema Wayunani wasile. Anayegawa huanza tu na anaowajua, anaowasalimia, ambao nyumba zao anazifahamu, na sufuria inaisha kabla hajafika upande ule mwingine. Ukimuuliza atakuapia kwamba hakubagua mtu.

Mitume wangeweza kufanya wanavyofanya wakubwa wengi. Wangekana. Wangeunda tume. Wangewaambia walalamishi washukuru kwa walichopata. Badala yake waliita mkutano wakawaambia watu wachague saba wa kusimamia jambo hilo. Majina yao yapo: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao.

Yote ni majina ya Kiyunani. Ni kweli kwamba Myahudi mzaliwa wa pale pale angeweza kuwa na jina la Kiyunani, lakini saba kwa saba ni vigumu kuita bahati. Na huyo wa mwisho hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Wafafanuzi wengi wa kitabu hicho wameliona jambo lenyewe: ufunguo wa stoo walikabidhiwa watu wa upande uliolalamika. Waliokuwa wakirukwa ndio wakawa wanaogawa.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya Stefano, ila karibu yote huhusu kupigwa kwake mawe. Sijasikia hata moja kuhusu kazi aliyochaguliwa kufanya, ambayo ilikuwa kuhakikisha bibi fulani asiyejua lugha ya wenyeji amepata chakula chake cha siku.

Chujio

Jamii ikikua, daftari hukua nalo, na daftari likikua mtu huanza kuweka masharti. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya tano, una masharti yaliyo wazi kuliko fomu ya basari. Mjane wa kuandikwa awe ametimiza miaka 60. Awe alikuwa na mume mmoja. Ajulikane kwa mema: amelea watoto, amekaribisha wageni, amesaidia wenye taabu. Mwenye watoto au wajukuu atunzwe na hao, ili kanisa lisielemewe. Na mjane kijana? Aolewe tena.

Sikejeli. Ukiwa umeshika kalamu na rafu ina pakiti 20 na nje kuna watu 40, utatamani sana mtu akupe masharti. Masharti hukutoa lawamani. Si wewe uliyemkatalia mama wa miaka 35 mwenye watoto wanne, ni kanuni imemkatalia. Ndiyo maana watu wazuri kabisa huyapenda.

Chujio halikuwazuia wahitaji kuongezeka. Mwaka wa 251 Kornelio, askofu wa Roma, alimwandikia Fabius wa Antiokia barua ambayo mwanahistoria Eusebius aliihifadhi. Ndani yake anataja nguvu kazi ya kanisa lake: makasisi 46, mashemasi saba, na wengine wengi hadi walinda milango. Halafu anataja wajane na wahitaji wanaotunzwa na kanisa hilo: zaidi ya 1,500. Zaidi ya miaka 200 baada ya Yerusalemu, jiji kubwa kuliko yote, na mashemasi bado ni saba, kwa heshima ya wale saba wa kwanza.

Mwishoni mwa karne ya nne, Yohane Krisostomo aliwaambia waumini wake wa Antiokia kwamba kanisa lao linalisha wajane na mabikira 3,000 walioandikwa, kila siku, achilia mbali wafungwa, wagonjwa na wasafiri. Na akaongeza kuwa mapato ya kanisa hilo yalitoshana na ya tajiri mmoja tu, tena si wa wale wakubwa. Kusudi lake lilikuwa kuwaaibisha matajiri waliokuwa wamekaa mbele yake: kama mfuko mmoja mdogo unalisha watu 3,000, mifuko yenu inafanya nini? Hiyo ndiyo faida moja ya daftari inayosahaulika. Ukilisoma kwa sauti linaweza kuwa shtaka.

Pesa za Lucilla

Turudi Cirta, kwa sababu habari ya vile viatu haikuishia siku ya msako. Umewahi kujiuliza orodha ya makarani wa mji mmoja ilipitaje miaka 1,700 ikatufikia? Ilitufikia kwa sababu ya kesi.

Desemba mwaka 320, mbele ya Zenophilus, gavana wa jimbo la Numidia, shemasi mmoja aliyeitwa Nundinarius alimshtaki askofu wake mwenyewe, Silvanus. Wakristo walikuwa huru sasa, na ugomvi mkubwa Afrika Kaskazini ulikuwa juu ya nani alisalimisha mali ya kanisa wakati wa mateso na nani hakusalimisha. Nundinarius alitaka kuonyesha kuwa Silvanus, ambaye mwaka 303 alikuwa shemasi mdogo, alikuwa miongoni mwa waliotoa vitu siku ile. Kwa hivyo kumbukumbu za msako zikasomwa mahakamani, kanzu kwa kanzu, kiatu kwa kiatu. Ndivyo zilivyopona.

Lakini kesi ikafichua jambo jingine. Kulikuwa na mwanamke tajiri sana wa Carthage, Lucilla. Alikuwa ametoa mifuko 400 ya sarafu wakati wa mvutano wa kumchagua askofu mpya wa mji huo. Gavana akawauliza mashahidi: je, watu walipata chochote katika hizo? Je, kuna aliyeona maskini wakiambiwa kwamba Lucilla amewapa na wao fungu lao? Mashahidi wakajibu, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawakuona mtu aliyepokea. Pesa zilikuwa zimegawanywa na maaskofu.

Fikiria hayo mambo mawili katika kumbukumbu za kesi moja. Mwanzoni unaona kanisa ambalo limepanga viatu jozi 47 kwa ajili ya wanawake wasio na viatu. Mwishoni unaona wakubwa wa kanisa wakigawana mifuko ya sarafu huku wanawake wale wale wakiwa hawana habari. Si karne mbili tofauti, ni miaka 17. Baadhi ya watu waliokuwa kwenye stoo siku ya msako walikuwa hai, wakisimama mahakamani kutoa ushahidi.

Rafiki zangu wengi waliacha kanisa kwa sababu ya mambo kama hayo, na ukiwapa kesi ya Lucilla watakwambia, si tulisema? Sawa. Lakini angalia pia nani alifungua mdomo. Shemasi. Nundinarius alikuwa amekosana na askofu wake, kwa hivyo usimfanye malaika, pengine alitaka tu kulipiza. Hata hivyo cheo chake kilianza pale Yerusalemu, kwenye malalamiko ya wajane, na swali lililoulizwa mahakamani lilikuwa lile lile la Yerusalemu: je, iliwafikia?

Mabwana wa Alexandria

Mwaka 610 hivi, Yohane, mzaliwa wa Kupro, mtu aliyekuwa ameoa na kufiwa, alifanywa patriaki wa Alexandria, Misri. Baadaye aliitwa Yohane Mtoa Sadaka. Aliyeandika maisha yake ni Leontius, askofu wa Neapolis huko Kupro, na maandishi ya watakatifu yana chumvi yake, kwa hivyo yasome kwa jicho hilo. Lakini lile tukio analoanza nalo linanivutia kila nikilisoma.

Leontius anasimulia kwamba Yohane aliwaita wasimamizi wa kanisa akawaagiza waende jiji lote wamwandikie mabwana zake, wote, hadi wa mwisho. Wakashangaa. Mabwana gani tena wa patriaki? Akawaambia ni wale ambao ninyi mnawaita maskini na ombaomba. Wakaenda wakaandika. Majina yakapita 7,500. Akaagiza wote wapewe posho ya kila siku.

Tofauti iko kwenye mwendo wa miguu. Chujio hukaa mezani na kungoja watu waje, kisha huwauliza maswali. Yohane alituma watu nje. Kazi ya karani wake haikuwa kupunguza majina bali kuyatafuta, na hesabu kubwa ilikuwa dalili kwamba karani amefanya kazi vizuri.

Wasaidizi wake nao walikuwa binadamu. Miaka michache baadaye Waajemi waliposhambulia Shamu na kuteka Yerusalemu mwaka 614, wakimbizi walimiminika Alexandria. Waliogawa sadaka wakaja kwa Yohane na malalamiko: kwenye laini kuna wasichana wamevaa vito, nao tuwape? Yohane akakasirika. Akawaambia kwamba kama ni wagawaji wake yeye, au tuseme wa Kristo, wafanye walichoagizwa, wampe kila aombaye, na wasipekue.

Swali la vito lile bado linaulizwa. Siku hizi husikika hivi: ana simu kubwa namna ile, kweli ana njaa? Anayeuliza hajui kwamba simu ndiyo humwezesha mtu kuitwa kibarua, na kwamba ukiiuza leo kwa ajili ya unga, kesho hutapata hata hiyo kazi ya siku moja. Msichana aliyekimbia Yerusalemu na bangili mkononi alibeba alichoweza kubeba.

Wazo la mama asiyetajwa

Stoo za namna yetu, za rafu na katoni, zina asili ya karibu zaidi. Mwaka 1967 mjini Phoenix, Arizona, Marekani, mfanyabiashara mstaafu aliyeitwa John van Hengel alikuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini la Chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo. Alikutana na mama aliyekuwa akilisha watoto wake kwa vyakula vilivyotupwa nyuma ya duka kubwa. Mama akamwambia chakula kile hakina shida, ni kizuri, kilichokosekana ni mahali kama benki, ambapo mwenye ziada anaweka na mwenye haja anatoa.

Van Hengel alilipeleka wazo hilo kwenye parokia ya Mtakatifu Maria. Ikampa jengo lililokuwa duka la mikate na dola 3,000. Mwaka wa kwanza benki hiyo ya chakula iligawa zaidi ya tani 100 kwa vikundi 36, na mfano wake ukaenea duniani. Leo ukisikia benki ya chakula popote, hapo ndipo jina lilipotoka.

Jina la van Hengel limeandikwa kila mahali. Jina la mama yule halionekani. Lakini wazo lilikuwa lake, kama vile suluhisho la Yerusalemu lilivyoanza na wajane walionung'unika. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, nami naongeza kwamba mwenye njaa humjua sana aliyeshiba. Anajua mlango wake unafunguliwa saa ngapi, anatupa nini, na ni neno gani ukimwambia atanuna.

Chumvi

Huku kwetu tuna njia yetu ya kutafuta majina, na haikutoka Alexandria wala Phoenix. Miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, majirani wa ploti chache wanaokutana nyumba kwa nyumba. Kusudi lilikuwa sala na Neno. Ila watu wakikutana nyumba kwa nyumba, wanaona jiko la nani halijawashwa.

Mwaka 2020 tuliona njia mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Tarehe 10 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, chakula cha msaada kililetwa Kibera watu wakaja kwa maelfu. Wakakanyagana, polisi wakarusha vitoa machozi, watu wakaumia. Walikuja kwa maelfu kwa sababu hakuna aliyejua kama jina lake liko mahali popote.

Upande wetu wa mji ibada zilikuwa zimesitishwa tangu Machi. Mama yangu alikuwa akifanya usafi kwenye ofisi za katikati ya mji, na ofisi zilipofungwa, mshahara nao ukafungwa. Hakumwambia mtu. Jioni moja mama wa jumuiya akabisha hodi, barakoa usoni, akaomba chumvi kidogo. Mama akampa. Yule mgeni akaangalia jiko, akaangalia sufuria zilizofunikwa, akashukuru, akaenda. Kesho yake mfuko ulikuwa mlangoni. Nyumbani kwake, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na kopo zima la chumvi.

Hilo ndilo daftari ninalolielewa. Liliandikwa na mtu aliyejifanya mhitaji ili mhitaji asiaibike.

Kwa hivyo mwaka jana kamati ya stoo ilipoletewa mapendekezo mawili, moyo ulinienda mbio. La kwanza: waandikwe tu wanaohudhuria jumuiya na wenye kadi ya zaka isiyo na mapengo, na kijana wa chini ya miaka 35 asiandikwe, akatafute kazi. La pili: wapokeaji wapigwe picha na mifuko yao, kwa sababu wafadhili wanataka kuona.

Pendekezo la kwanza lingemtoa jirani Mwislamu anayelea wajukuu watatu, mabinti wawili wa ghorofa ya juu ambao hakuna anayetaja kazi yao, na vijana kama mimi. Ile miaka 60 ya Timotheo, nikajiambia, imegeuzwa kuwa 35 na kuletwa Nairobi. Pendekezo la pili lingewatoa wengi zaidi, kimya kimya. Mama yangu asingekuja. Angelala njaa kuliko uso wake uzunguke kwenye WhatsApp ya watu wa mitaa mizuri.

Sikutoa hotuba. Niliomba tusome Matendo sita pale pale, na nikauliza ni wangapi kati yetu kwenye kamati wanakula kutoka kwenye rafu hizi. Hakuna mkono ulioinuka. Tulibishana hadi saa tatu usiku. Mwisho tukakubaliana jambo moja tu: kamati iongezewe watu wawili kutoka kwenye daftari, na kila mmoja ashike ufunguo wa kufuli moja, ili stoo isifunguke bila wao.

Walichaguliwa mama anayefua nguo kwenye maploti na kijana wa mkokoteni. Mkutano wao wa kwanza hawakugusa dini wala umri. Yule mama aliuliza ni nani aliyeamua watu wapewe maharagwe. Maharagwe yanakula makaa, alisema, mkebe mzima wa makaa kwa sufuria moja, na mwenye pesa ya makaa hangekuwa hapa. Tuleteeni ndengu na kamande. Kijana akauliza kwa nini mgao ni Jumamosi asubuhi, saa ambazo vibarua hupatikana, tena langoni mbele ya kila mtu. Ukahamishwa jioni, mlango wa nyuma, bila kuita majina kwa sauti.

Halafu tukafika kwenye picha. Mwenyekiti akaeleza tena juu ya wafadhili. Yule mama akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Si mpige rafu picha."

Kwa hivyo ripoti zetu ziko hivyo sasa. Naandika unga pakiti ngapi, ndengu kilo ngapi, sabuni vipande vingapi, naweka picha ya rafu zikiwa zimejaa Ijumaa na nyingine zikiwa tupu Jumamosi usiku. Mfadhili mmoja ameacha kutuma. Wengine wanaendelea. Mapendekezo ya zaka na umri hayajafutwa, yamewekwa kando, na najua yatarudi siku unga ukipanda tena. Mwezi huu mtu ameleta viatu kwenye gunia, jozi 11 za wanawake na tatu za wanaume. Nimeviandika hivyo hivyo, saizi kwa saizi, na safu ya majina nimeiacha wazi.